Hospitali ilikata keki, mzee wangu akangoja kukatwa mguu

Wakuu, heshima zenu. Mimi ni shosho, bibi mzee wa huku Kabazi. Shule niliachia class four, kwa hivyo spelling mnivumilie, lakini uongo sina.

Mzee wangu alijikata mguu na jembe, na ako na ugonjwa wa sukari. Akalazwa hospitali fulani Nakuru. Sitaitaja, bado tuna clinic huko.

Kidonda kikaanza kunuka. Daktari akasema kisipokauka wiki hiyo, mguu unakatwa.

Siku hiyo hiyo wafanyikazi wako kwa corridor wanakata keki. Kijana wa tai, afisa wa quality, amebandika grafu ukutani. Vidonda vya kuoza vimepungua! Makofi. Hata mimi nikapewa kipande.

Nikamuuliza, "Boss, hii laini ni ya wodi gani?"

"Ni ya zote, shosho. Maternity, watoto, wanaume, tumejumlisha."

Nikaweka keki chini.

Wakuu, mimi hupeleka maziwa dairy. Yule wa kupima hupima kila mtungi kabla ya kumwaga kwa tangi. Ukishamwaga, mtungi mbaya utaujuaje?

Nikamwambia, "Nyinyi mnapima tangi."

Akacheka. "Shosho, hii ni statistics."

"Na ile harufu kwa kitanda cha mzee wangu ni nini?"

Nurse mmoja akakohoa ndio asicheke. Kijana akafungua laptop, akatenganisha wodi moja moja. Maternity imeshuka vizuri. Wodi ya wanaume imepanda kama barabara ya kutoka Subukia.

Nurse akasema ilianza kupanda mashine yao ya kuchemsha vifaa ilipoharibika. Barua waliandika. Wakajibiwa waangalie grafu, mambo ni mazuri.

Kesho yake vifaa vya wodi vikachemshwa kwa mashine ya theatre, kule kwa upasuaji. Mzee akasafishwa upya, kidonda kikaanza kukauka. Mguu uko. Kidole kimoja kilienda.

Tukitoka, yule kijana akaniambia, "Shosho, vidole tisa kwa kumi si mbaya."

Nilimwangalia mpaka akarekebisha tai.

Nilichojifunza: ukionyeshwa grafu, uliza kitanda chako kiko wapi ndani yake.

Sasa nyinyi mliolaza watu, kwenu wanapima mtungi ama tangi? Semeni, na mtaje wodi. Mwenye ataandika tu "pole shosho", nitamjumlisha na wale wa keki.