Jumamosi ya Kura na Kula

Juzi mjukuu wangu alikuwa anapaka lango rangi ya mafuta, na ile harufu kali iliponifikia jikoni, niliacha kuchambua mboga nikaanza kucheka peke yangu. Ngoja niwaambie kwa nini.

Nilikuwa msichana wa miaka tisa hivi, huku kwetu Kabras, wakati miwa ilikuwa imekubali. Kila mahali ni miwa, hata pale tulikuwa tunaanika nguo. Watu walinunua redio na mabati, na kitu chochote cha udongo kikaanza kuonekana ni aibu.

Pale sokoni kulikuwa na ukumbi wa kijiji, na ukuta wake wa mbele kina mama waliuchora kabla sijazaliwa. Kukhu wangu, yaani nyanya yangu Nabwile, ndiye aliyewaongoza. Walichukua udongo mweupe wa mtoni, udongo mwekundu na masizi ya sufuria, wakakoroga na mavi ya ng'ombe ili ushike. Walichora ng'ombe, wanawake wakivuna wimbi, kuku na vifaranga vyake. Mvua ilikuwa imeula ukuta kwa chini, na yule ng'ombe alikuwa amebaki na miguu miwili tu.

Mzee Khaemba, mwenyekiti wa ukumbi, akaleta mikebe ya rangi ya mafuta na fundi kutoka Kakamega mjini. Alitaka ukuta ukwanguliwe, ichorwe trekta ikivuta miwa.

"Mama Nabwile, haya ni matope," akasema. "Wageni wa kiwanda cha sukari wakipita hapa wataona nini?"

"Wataona ng'ombe. Kwani hawana macho?"

Kukhu alijibu hivyo mbele ya watu, lakini nyumbani aliketi tu, mikono mapajani. Macho yake mwenyewe yalikuwa yameingia utando. Ukuta ule ukikwanguliwa, hangeweza kuchora mwingine.

Akashikilia kijiji kiulizwe. Mzee akakubali kwa ujanja wake: iwe Jumamosi asubuhi, wakati kina mama wako kwenye miwa wakipalilia. Kisha akaniita mimi. "Wewe msichana, pita nyumba kwa nyumba, useme Jumamosi asubuhi kuna kura pale ukumbini."

Sasa ninyi mnatujua. Kwetu r na l ni ndugu, wanaazimana nguo. Na mimi shule niliachia darasa la pili. Kura sikuwa nimeisikia. Kula niliijua vizuri sana.

"Jumamosi asubuhi kuna kula ukumbini," nikamwambia Mama Nekesa, jirani yetu.

"Kula? Nani anatoa?"

"Mzee Khaemba."

"Khaemba huyu mkono wa birika?" Akapiga makofi. "Uwi! Basi miwa imemlegeza!"

Habari ikanipita mbio, ikavuka mto kabla yangu. Jumamosi kina mama waliacha majembe kwenye miwa wakaja na sahani kwapani. Na kwa sababu hatuendi kwa mtu mikono mitupu, wengine walibeba obusuma, ugali wetu, na ingokho, kuku wetu wa kupikwa kwa sufuria, mchuzi bado unatoa moshi. Mzee alikuwa amesimama na fundi na wazee wawili. Akashtuka.

"Nyote mmekuja kura?"

"Kula, ndiyo mzee! Hata watoto!"

"Watoto hawana kura!"

"Huyu mzee! Watoto wasile?"

Fundi alicheka mpaka akakalia mkebe wa rangi, halafu akawaeleza. Hakuna karamu. Ni kuamua tu kama ukuta ukwanguliwe. Nilitamani ardhi inimeze. Nikangoja wainue sufuria zao warudi.

Mama Nekesa akaweka sahani chini. "Kwa hivyo ng'ombe wa kuchinja hakuna?"

"Hakuna."

"Na huyu wa ukutani mnataka kumchinja pia?"

Mzee akaamuru: wa trekta wasimame kwenye mikebe, wa ukuta wapange laini ukutani. Akaenda Mama Nekesa, akaenda Khasandi, Namalwa, Auma mke wa mwenye kinu cha posho, Nanjala na mtoto mgongoni. Mke wa mzee mwenyewe, Mama Rosa, akampita na sufuria kichwani: "Baba Rosa, hiyo kuku nilichora mimi." Kwenye mikebe walibaki watu wanne, na mmoja ni fundi, ambaye hata si wa kwetu.

Vigelegele vilifika Malava mjini! Tulikula pale pale, na firigisi tukampa mzee, maana kushindwa hakumwondolei mtu heshima yake. Akaitafuna polepole, kisha akasema, "Basi hiyo ng'ombe iongezewe miguu." Nikamwona Kukhu akicheka na bega lote.

Kitu kingine pia kilinitia aibu siku ile. Mzee alipiga kelele, "Pangeni laini!" na kina mama hawakupanga, walitawanyika ukutani, huyu huku, yule kule, na mimi nikadhani hawajui foleni. Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe nilipoelewa. Khasandi alisimama kwenye wimbi, Mama Rosa kwenye kuku, Mama Nekesa kwenye ng'ombe, na Kukhu alipapasa kwa vidole mpaka akafika pembeni kabisa, akageuka, akauegemea. Kila mmoja alikuwa amesimama mbele ya mahali alipochora mwenyewe, na mgongo wake ameuweka hapo.