Aliyeshika Spana Ndani ya Boti

Usianze kuniuliza kama nilikuwa nimelewa. Binti yangu alikuwa anaolewa siku ile, na kilichopita kooni mwangu ni chai tu. Haya yalinipata mimi, hapahapa Lushoto, mchana, ukungu umeshuka.

Boti mlimani? Ndiyo, boti. Jirani yangu, mwalimu mstaafu kutoka Tanga, alihamia huku na boti lake kuukuu la matanga, la faiba. Likapandishwa kwa lori kona zote zile, akaliweka uani liwe chumba cha wageni. Tulimcheka hadi mbavu zikauma. Lakini Neema wangu alilipenda, naye Mwalimu akawapa maharusi walale humo. Tatizo lilikuwa moja: mfuniko wa sitahani, ulio juu ya kitanda, ulikuwa umepasuka. Na ukiona upande wa Irente, kule kwenye genge, umezibwa na wingu, mvua haikawii.

Nikang'oa wa zamani, nikakwangua mbao iliyooza pembeni, nikapaka silikoni, nikaweka mpya. Sasa kazi hiyo inataka watu wawili: mmoja juu anazungusha bolti, mwingine ndani anashika nati kwa spana. Nilikuwa nimemwita mke wangu. Niliposikia spana ikigonga huko chini, nikajua amefika.

"Shika hiyo ya kwanza!" nikaamrisha.

Ikajibu sauti ya mzee, ya kipwani kabisa: "We mtoto, unanituma hata shikamoo hakuna?"

Aibu iliyonipata! Nikadhani ni mgeni wa Mwalimu. "Shikamoo mzee wangu, nisamehe."

"Marahaba. Haya, zungusha."

Tukaenda bolti kwa bolti, yeye akiimba wimbo wa harusi, mimi nikiitikia. Niamini, sijapata msaidizi kama yule.

Imebaki moja, namwona mke wangu anaingia uani na kapu la karoti. "Baba Neema, unaimba na nani?"

Hapo ndipo nikakumbuka: mlango wa boti nilikuwa nimeufunga kwa kufuli, watoto wasichezee kitanda. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Matone yalishaanza kunipiga kisogoni, na mwanangu analala pale. Nikainamia mfuniko nikasema, "Mzee, imebaki moja."

"Naiona. Usikaze sana, silikoni itatoka yote."

Mvua ikamwagika. Tulipofungua mlango hapakuwa na mtu, na shuka zilikuwa kavu.

Mwalimu alipojua, alicheka, kisha akalia. Boti lilikuwa la marehemu baba yake. "Bila kumsalimia, hata kamba hakupi," alisema. "Nami nilidhani nimemwacha Tanga!" Usiku ule hakuna aliyecheza ngoma kumshinda.

Mpaka leo halijavuja tone, nami sishiki nyundo kabla sijasalimia chumba kitupu. Cheka tu. Ila siku ukiwa peke yako juu ya bati, nati ikashikwa kutoka chini, tafadhali usikimbie kabla hujamaliza kazi ya watu.