Mtu Mrefu wa Kumkaba Dez Halloran

Hapa Gunyarra, kijimji chetu cha mashambani Australia, tuna kila kitu isipokuwa watu warefu. Ngano tunayo, kondoo tunao, vumbi tunalo na matope tunayo, kila kimoja kwa msimu wake. Lakini mtoto akishafika urefu wa kugonga kichwa mlangoni, huyoo, kaenda Melbourne au kaenda migodini, na sisi tunabaki na vijana wa saizi ya kuku wa kienyeji, wepesi, wenye mbio, wasioufikia mpira ulioko juu. Na huu mpira wetu wa umbo la yai hauchezwi kwa mbio peke yake. Lazima uwe na mrefu mmoja mbele ya magoli ya wenzako, wa kudaka mipira hewani, na mrefu mwingine mbele ya magoli yako, wa kuwazuia warefu wao wasidake. Ukiwakosa hao wawili, hata katikati ya uwanja ukipanga malaika utafungwa tu.

Nimekaa kwenye kamati ya kuchagua timu tangu magoti yangu yalipogoma. Tuko watatu: kocha Murray, nahodha, na mimi. Kila Alhamisi baada ya mazoezi tunajifungia chumba cha nyuma cha klabu, tunasukumasukuma vibati vya majina kwenye ubao wa chuma, tunatukanana kidogo, kisha mimi natoka kuisoma timu mbele ya watu wanaokunywa supu. Timu husomwa kuanzia nyuma, na jina la pili ni la beki wa mwisho, yule anayesimama mbele ya magoli. Kwa miaka mingi jina la pili lilikuwa Rowan Kuhne. Watu walikuwa hawainui hata vichwa kulisikiliza.

Huyo Rowan nilimwona kabla hajajua kuvaa viatu. Tuseme kweli, nilimwona mama yake. Wachaguzi wajinga humtazama baba. Sisi tunatazama mama. Nilimwona Bi Ilse Kuhne akibadilisha taa ya ukumbi wa kanisa bila kupanda kiti, amembeba mtoto mkono wa pili, nikamwambia Murray, "Huyo mtoto tumsubiri." Murray akanicheka. Tukasubiri. Kijana alipomaliza kurefuka alikuwa akiingia kwenye trekta kwa kujikunja mara tatu, nasi, kama ilivyo desturi ya hapa kwetu, tukampa jina la Kadogo.

Alikuwa mpole kupita kiasi, na upole kwa beki ni ugonjwa. Mtu anasimamisha trekta shambani ili mjusi avuke! Nikamfundisha yote niliyofundishwa mimi: kuupiga mpira ngumi kabla mwenzako hajaudaka, kumwegemea mtu bila mwamuzi kuona, na ile kanuni ambayo mabeki wote wa nchi hii huijua kabla ya sala ya Baba Yetu: mshambuliaji akianza kuchechemea, msogelee zaidi. Kwa maana washambuliaji ni waongo. Anajishika paja, anakunja uso, anamwita mganga wa timu. Wewe ukirudi nyuma hatua moja kwa huruma, mpira unakuja, na yule kiwete anatimka kama swala.

Mrefu wa Tirran, mji wa jirani, alikuwa Dez Halloran, fundi wa pampu za visima, mtu wa maneno mengi na kicheko cha kusikika hadi kwenye maghala ya ngano. Kama sisi, Tirran nao walikuwa na mrefu mmoja tu. Kwa hiyo kila timu zetu zilipokutana, Dez na Rowan walisimama pamoja mchana kutwa, bega kwa bega, katika kile kieneo kidogo cha matope mbele ya magoli. Husemwa kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Hawa walikaa, tena nadhani walipendana, ingawa hakuna hata mmoja wao ambaye angekubali hata kwa kisu shingoni.

"Kadogo, mama yako anakulisha nini siku hizi? Mbolea?" Dez angeanza.

"Mbolea ya huku. Ya kwenu Tirran haioteshi hata magugu."

"Ngoja nikufunge sita, uende ukamsimulie."

Mwaka juzi, kwenye fainali, Dez alijishika paja dakika za mwisho, akachechemea, akapiga kelele atolewe. Rowan akasahau mafundisho. Akamwuliza, "Uko sawa, ndugu yangu?" na akarudi nyuma kumpa nafasi. Mpira ukaja. Dez akatimka, akadaka, akafunga, na Tirran wakabeba kombe. Miezi yote iliyofuata Rowan hakuwa na raha. Dukani walimcheka, baa walimcheka. Hata mchungaji wetu mpya, ambaye nilikuwa nimemsajili kwa sababu ya urefu wake (ukikosa titi la mama hunyonya hata la mbwa), na ambaye aliuogopa mpira kama nyoka, naye alimwambia, "Rowan, huruma ni ya Jumapili. Jumamosi tuachie." Rowan alicheka nao, lakini masikio yalikuwa mekundu.

Basi ikafika Julai ya mwaka jana, baridi ya kukata masikio, na Jumamosi ile tulikuwa tukienda kucheza kwao Tirran. Alhamisi, Murray alikisukuma kibati cha Rowan hadi mbele.

"Mshambuliaji wetu kaenda migodini," alisema. "Tumpeleke Kadogo akafunge."

"Na Dez akabwe na nani? Na yule mchungaji wako?"

"Mchungaji wako wewe. Na Dez kazeeka, bwana."

"Dez akizeeka, mimi mtakuwa mmeshanizika."

Nikakirudisha kibati mahali pake. Nahodha akaniunga mkono. Nilipotoka kusoma timu, jina la pili lilikuwa lilelile.

Siku ya mechi nilisimama na chupa yangu ya chai nyuma ya magoli, pale kwenye uzio, karibu kiasi cha kusikia wanavyotaniana. Dez hakuwa na maneno siku ile. Robo ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Robo ya tatu nikamwona ameinama, mikono magotini, na jasho linamtoka katika baridi ile.

"Kadogo," alisema, "leo sijisikii vizuri. Kifua kinabana."

Rowan akacheka. "Acha zako! Juzi ilikuwa paja, leo kifua. Mwakani utaniambia una mimba."

Sisi tuliokuwa kwenye uzio tuliangua kicheko. Mwenye gari lililoegeshwa kando yangu alipiga honi kushangilia.

"Kweli nakwambia."

"Na mimi kweli nakwambia, sibanduki." Akasogea, akambana begani, kama nilivyomfundisha.

Dez naye akatabasamu. Angefanya nini? Akainuka, akacheza. Kocha wao alimwita mara moja kumwuliza kama anaweza kuendelea, Dez akapunga mkono, na kocha hakumsumbua tena, maana benchi lake lote lilikuwa la watu wafupi. Hakufunga goli hata moja. Hilo halikuwahi kutokea tangu wawili hao waanze kukabana. Filimbi ya mwisho ilipolia walishikana mikono, na Dez akauacha mkono wake mkononi mwa Rowan muda mrefu kidogo.

"Leo umenishika, Kadogo," alisema. "Leo umenishika kweli."

Jioni ile, kwenye klabu yetu, Rowan alipewa trei ya nyama mbichi, zawadi yetu ya mchezaji bora. Tulijaribu kumbeba mabegani tukashindwa na ile miguu ya twiga, ikabidi tumburute tukizunguka naye ukumbini tukiimba. Sijawahi kumwona na furaha ile. Bi Ilse alitoka jikoni na taulo la vyombo begani, akambusu mwanawe kidevuni, pale alipoweza kufika, kwa kuwa sasa hata yeye alikuwa mfupi mbele yake.

Jumapili asubuhi Dez alikutwa ameanguka kwenye banda la pampu zake. Mkewe, Lorelle, ndiye aliyemkuta. Daktari alisema ni moyo, na kwamba ulikuwa umeanza kumsumbua tangu Jumamosi, na kama angewahishwa hospitali huenda tungekuwa naye leo. Maneno ya daktari katika miji yetu hayakai saa moja bila kufika dukani. Rowan aliyasikia akiwa amesimama kwenye foleni na mkate mkononi. Aliuweka mkate chini, sakafuni, akatoka.

Alhamisi alinikuta nje ya kile chumba cha nyuma. "Nitoe, mzee," alisema. "Mpange mwingine."

"Tutampanga nani, mwanangu?"

"Mpange yeyote."

Siku ya mazishi alisimama nje ya kanisa, kwenye mvua. Nikamfuata, nikamwambia yale tunayoambiana sote: hukujua, sisi sote tulicheka, yule mtu alikuwa muigizaji. Alinisikiliza kwa adabu. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alikuwa ameshamkalia Rowan mapajani, haondoki kwa maneno yangu.

Wiki mbili baadaye alikuja kwangu. "Nataka kwenda kwa Lorelle," alisema. "Nataka asikie kutoka kwangu. Twende wote. Peke yangu nitageuza gari."

Tulifika kwa Halloran alasiri. Jua la baridi lilikuwa limeshuka nyuma yetu. Rowan alitangulia kufungua geti, mimi nikabaki nahangaika na goti langu kwenye gari, na nikamwona Lorelle akitoka mbio kutoka kwenye banda la kuku, ndoo mkononi. Alikimbia kama msichana. Kisha akasimama. Ndoo ikamwanguka na pumba zikamwagika, na kuku wakazizingira miguuni pake.

"Ni Rowan Kuhne," Rowan alisema.

"Naona," alijibu. Akatukaribisha ndani.

Akatupa chai na keki ya matunda iliyobaki matangani. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, aliyezoea kumzidi Dez kwa utani. Siku ile alizungumza taratibu. Rowan hakuigusa chai. Alikaa kwenye kile kiti kidogo cha jikoni, magoti yakikaribia kidevu, akamweleza yote bila kujipunguzia. Kwamba Dez alisema kifua kinabana. Kwamba alisema mara mbili. Kwamba yeye alifanya mzaha wa mimba na watu wakacheka. Kwamba alimsogelea.

"Nilidhani ni janja," alisema. "Nilikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote, Bi Lorelle. Nilisikia anavyohema. Nilifurahi. Nilisema moyoni, leo nimemchosha."

Akalia. Jitu zima lile, kwenye kiti kile. Mimi nikatazama dirishani, na siwezi kusema kwamba macho yangu yalikuwa makavu.

Lorelle alimngoja Rowan atulie. "Na mimi aliniambia," alisema. "Asubuhi ya Jumamosi, hapohapo ulipokaa. Alisema, 'Lori, mkono unaniuma, nahisi nisiende.' Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia, 'Acha uvivu, nenda. Hawana mtu mrefu mwingine.' Mimi ndiye niliyempa begi la viatu mkononi."

Ningejibu nini mimi, niliyekaa maisha yangu yote nikisema maneno hayohayo?

Rowan alijifuta uso. Akasema angependa kuja kila Jumapili, apasue kuni, atazame uzio, zile pampu ambazo hazikumalizika anaweza kujaribu. Alisema kwa haraka, kama mtoto aliyekariri njiani, na nikafahamu kwamba hilo hasa ndilo lililomleta. Kusamehewa alikuwa hakutegemei. Alitaka kazi ya kufanya.

Lorelle akanyoosha mkono juu ya meza, akamshika kifundo cha mkono. "Hapana, Rowan. Usije."

"Nakuelewa. Unanichukia, una haki."

"Sikuchukii hata kidogo. Ungekuwa unachukika, ningeshukuru." Akavuta pumzi. "Ulipokuwa unafungua lile geti, jua liko nyuma yako, sikuona uso. Niliona urefu tu. Nikasema, kumbe! Kumbe amerudi. Niliamini, Rowan. Nilikimbia. Sitaweza tena kukimbia vile. Basi usije. Tafadhali."

Rowan aliitikia kwa kichwa. Akasimama taratibu, akamshukuru kwa chai, tukatoka. Lorelle alibaki mlangoni akitutazama. Na kutoka pale barazani hadi getini, na getini hadi kwenye gari, Rowan alitembea amekunja magoti na kuinamisha mgongo, kichwa chini kabisa, akijitahidi kwa nguvu zake zote kuwa mfupi.