Sare ya Noeli

Kila mwaka, Novemba ikiisha, mama yake Olga humletea gunia la vikwembe, vitenge vya rangi moja, ili familia nzima ivae sare siku ya Noeli. Olga ni fundi wa nguo huko Mangobo, Kisangani, na hakuna anayemuuliza kama ana nafasi. Mwaka huu zilikuwa nguo kumi na tisa. Umeme ulikatika siku nne mfululizo, akakanyaga mashini ya miguu mpaka magoti yakamuuma. Gauni lake mwenyewe likabaki vipande mezani.

Baada ya misa alifika kwa wazazi na gauni lake la zamani la buluu. Wote walikuwa wamejipanga uani kwa picha. Kaka yake mkubwa Osée, yaya kama amwitavyo, akamtazama, akampa simu.

"Olga, utupige picha wewe. Bon, hauko na uniforme, utaharibu."

"Na nani aliwashonea hiyo uniforme, yaya?"

"Acha maneno, leo iko sikukuu," mama akasema. "Wewe fundi muzima, unakosa ya kuvaa?"

Olga alitamani kuitupa ile simu mtoni. Akapiga picha tatu, akamrudishia Osée.

"Mwaka kesho mutafute fundi mwingine."

Wakacheka, wakidhani anatania. Akaenda kukaa peke yake karibu na jiko. Mama akamfuata na sahani ya pondu, kisamvu cha kwao, juu yake kipande kikubwa kuliko vyote cha samaki. Olga alikila kwa hasira, na kilikuwa kitamu.