Mji Unaoozesha Binti Yake Kila Mwaka

Nilipofika Doha nilipangiwa chumba cha nguo katika hoteli moja ya Lusail. Kazi yetu ilikuwa kurudishia vifungo, kupunguza suruali za wahudumu na kutia viraka mashuka. Cherehani iliyopakana na yangu ilikuwa ya mwanamke kutoka Nepal, aliyenizidi umri, mama wa watoto wawili aliowaacha kwa bibi yao. Aliniita bahini, yaani mdogo wake wa kike, nami nikamwita didi, dada. Tuliongea Kiingereza cha kuokoteza, Kihindi alichonifundisha mwenyewe na Kiarabu cha dukani, na tulielewana vizuri sana.

Kwao ni Janakpur, mji wa tambarare karibu na mpaka wa India. Wahindu huenda huko kuhiji. Didi hakuusimulia kwa sauti ya ibada, aliusimulia kama mtu anayekueleza habari za nyumba ya jirani.

"Mfalme wetu alikuwa akilima," aliniambia siku moja, uzi ukiwa mdomoni. "Plau ikakwama. Kufukua, akakuta mtoto mchanga wa kike ndani ya udongo. Akamchukua, akamlea. Huyo ndiye binti yetu."

Binti alikua na nguvu. Siku moja, akifagia, aliinua kwa mkono mmoja upinde wa mungu ambao wanaume walishindwa hata kuusogeza. Mfalme akaapa kwamba atamwoza kwa atakayeweza kuupinda. Akaja mwana wa mfalme kutoka Ayodhya, ambaye kwao ni mungu, akauvuta mpaka ukavunjika. Didi alisema kipande chake kiliangukia si mbali na mji, na watu bado huenda kukiona. Hekalu kubwa jeupe la binti huyo, kwa maelezo yake, lilijengwa na malkia mmoja wa India, na mji umejaa mabwawa ambayo wanawake huoga ndani yake kabla ya sala.

"Na kila mwaka, baridi ya kwetu ikianza, karibu na Desemba, tunamwoza tena," alisema. "Watu wa Ayodhya wanakuja na ngoma, na bwana harusi wao. Sisi tunapika, tunawapokea, halafu tunawatukana."

Nikasimamisha cherehani. "Mnamtukana mungu?"

"Siku hiyo si mungu, bahini. Siku hiyo ni shemeji."

Nilicheka mpaka msimamizi akachungulia. Mimi ni mtu wa Tanga. Nimekulia katikati ya watani, najua harusi isiyo na kebehi kwa upande wa bwana harusi ni kama msiba. Tangu siku hiyo mji wake ukawa kama nimeshaufikia.

Mwaka uliofuata nikachumbiwa. Mchumba wangu ni wa Mombasa, dereva wa basi la wafanyakazi, alikuwa akiishi Al Thumama. Tulipanga kuoana Ijumaa moja ya mwanzo wa Desemba, hali ya hewa ikiwa nzuri. Nilimwambia didi nikitarajia vigelegele. Aliweka mkasi chini.

"Mwezi huo?"

"Kwani una nini?"

Alinijibu tulipokaa nje na chai ya karak wakati wa mapumziko. Akaniambia sehemu ya hadithi aliyokuwa akiiruka. Binti yao hakupata raha kwa mumewe. Aliishi msituni, akaibwa, akarudishwa, akashukiwa, akafukuzwa akiwa na mimba. Mwisho ardhi iliyomzaa ikafunguka ikamrudisha ndani.

"Kwa hiyo siku tunayomwoza yeye, wengi wetu hatuozi mabinti zetu," alisema. "Wazee hata hawapendi kumpeleka msichana upande wa magharibi, alikokwenda yeye. Wewe Mwislamu, haya hayakuhusu. Fanya harusi yako. Ila mimi siwezi kuimba siku hizo, na nilitaka sana kukuimbia."

Nilirudi Muaither, mtaa nilikopanga chumba, nikiwa mnyonge. Sikuwa na shangazi hapa, wala mama mdogo, wala somo wa kunifunda. Upande wangu wote ulikuwa yeye. Nikampigia mama, nikitegemea aniambie niache mambo ya watu.

"Mwenzio ana adabu," mama akasema. "Bibi yako naye alikuwa haozi mwezi wa Mfunguo Tano, akisema una nuksi, hata umlilie. Masheikh walimwambia hamna kitu kama hicho, akasema sawa, na hakuoza. Unakimbilia nini, huyo mume anahama?"

Nikamweleza mchumba wangu. 

"Yaani tungoje kwa sababu ya harusi ya mtu mwengine?"

"Ndiyo."

"Basi tungoje. Mimi sina mbio."

Nilipomwambia didi kwamba tumesogeza hadi Januari, alinishika mashavu kwa mikono yote miwili, vidole vikinukia mafuta ya cherehani. Siku hiyohiyo akaomba kwa msimamizi shuka lililotolewa kwenye matumizi. Kwao wanawake huchora ukutani kwenye chumba cha maharusi. Mama humfundisha binti, ila yeye alifundishwa na bibi yake, kwenye ukuta wa udongo mbichi. Sisi kuta zetu ni za mwenye nyumba, kwa hiyo alichora kwenye shuka. Alitumia siku zake za mapumziko kwa wiki kadhaa. Alichora mianzi, maua ya yungiyungi, samaki, kasa na kasuku wawili wanaotazamana. Miungu hakuiweka, na sikumwomba asiiweke. Alifikiria mwenyewe.

Ndoa ilifungwa asubuhi, baba akifuatilia kwenye simu. Alasiri bwana harusi akaja Muaither na wenzake, kanzu imepigwa pasi, na kukuta mlango umezibwa na didi na wanawake wawili wa kwao. Wakaanza kuimba. Sauti zao zilipanda ngazi hadi majirani Wafilipino wakatoka kutazama.

"Wanasemaje?" mume wangu aliuliza kutoka nje.

Didi akanitafsiria, nami nikapaza sauti: "Wanasema masikio yako ni nyungo mbili, mama yako alikuwa akipepetea mchele!"

Wenzake wakaangua kicheko. Yeye akajishika masikio.

"Waambie nimekuja nayo yote mawili, nimpepetee mke wangu!"

Nilipowafasiria, wanawake wale walipiga makofi, wakasema huyu anafaa, wakaongeza ubeti mwingine mbaya zaidi kuhusu miguu yake. Mimi nikapiga vigelegele vya upande wangu mwenyewe, maana hakukuwa na mwingine wa kuvipiga. Kisha didi akasogea, akafungua mlango, akamwambia kwa Kiswahili nilichomfundisha wiki nzima:

"Karibu, shemeji. Viatu vua."