Rangi ya Ndege ya Baba

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na sioni haya kusema. Nimezirithi kwa baba, mchoraji wa vibao wa Bwiza, mtaa wa Bujumbura, ambaye aliwahi kufuta kibao kizima cha kinyozi kwa sababu kinyozi mwenyewe alilalamika kwamba masikio ya yule mtu wa kwenye picha yamezidi ukubwa. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwa hiyo mkisikia humu nimefoka, msishangae. La kushangaza ni kwamba nilisema uwongo, mara moja tu, na unaniwasha mpaka leo.

Miaka ile ya vita nilikuwa nachapa barua za watu kwenye sekretaria moja pale Bwiza: chumba kimoja, kompyuta mbili, na mashine ya fotokopi iliyokuwa ikikohoa kuliko mwenye duka, ambaye alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara. Nilichapa maombi ya kazi, barua za kutafuta ndugu waliopotea, mialiko ya arusi. Ndiyo, watu walikuwa wanaoana. Jioni tulisikia bunduki huko milimani, asubuhi tukapanga foleni ya mkate kama kawaida.

Fundi wa kompyuta zetu alikuwa mkimbizi, Mkongomani wa Uvira, mtu wa kanisa, mpole mpaka anaudhi. Mchana, mji unapofunga milango kwa chakula, yeye hakwenda kula. Aliwasha mchezo wake wa kuendesha ndege. Si mchezo wa kupigana, la. Unakaa mbele ya mishale na vipimo, unaondoka uwanja huu, unatua ule, polepole, saa nzima. Siku moja nikamuuliza kama kweli kuna watu wazima wanaocheza hivi.

"Dada," akanijibu, "mi tangu nikimbie Uvira sijafika fasi kwa kupenda yangu. Acha nifike."

Nikavuta kiti, nikakaa kumtazama akitua.

Yeye ndiye aliyenieleza kwamba wapenzi wa mchezo ule, huko duniani, wana kazi moja ya ajabu: wanarudisha rangi za ndege za zamani. Shirika limeshakufa, ndege yake imekatwakatwa vyuma, lakini kuna mtu mahali fulani anaketi na picha iliyochakaa, anaichora upya mistari yake na mkia wake, kisha anawagawia wenzake bure. Ndege yenyewe inakuja nyeupe, tupu. Rangi zake ni picha nyingine kando: ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia, mabawa, mkia, vyote vimetandazwa kama ngozi ya mbuzi iliyowambwa juani. Fundi aliiita ngozi. Ukiichora ngozi, ndege inavaa.

Hapo nikamkumbuka baba. Zamani kabla ya vita, kampuni moja ndogo ilimwita uwanja wa ndege. Ilikuwa na ndege moja tu, ya mapangaboi mawili, ikipeleka watu na mizigo ng'ambo ya ziwa, na kampuni haikuweza kuipeleka Ulaya ikapakwe rangi. Baba akaipaka kwa mkono, kwa brashi na kamba ya kupigia mstari, majuma matatu. Alipitisha mstari wa buluu chini ya madirisha, na mkiani akachora inyamanza, kale kandege ka uani kasikoacha kutikisa mkia. Watu wa Bwiza walimtania kwamba kutoka kwenye chupa za bia na vichwa vya vinyozi amepanda cheo. Kupanda ndege yenyewe hakupanda hata siku moja. Aliisindikiza tu kwa macho ilipopita juu ya mtaa, mpaka kampuni ikafa na ndege ikauzwa mbali.

Picha zake zilikuwa tatu. Siku za mapigano tulikimbia mtaa, na tuliporudi tulikuta nyumba haina mlango wala paa, sembuse albamu.

Na sasa macho ya baba yalikuwa yanafunga. Presha ya macho, alisema daktari, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Kilichobaki kilikuwa kitundu cha katikati, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na kitundu nacho kilikuwa kinapungua. Tuliambiwa tuhesabu miezi, tusihesabu miaka. Baba hakulia wala hakulaumu. Alisema neno moja tu, baada ya swala ya adhuhuri, akikunja mkeka: "Mama, ningeiona ile ndege mara moja tena, nisingeomba kitu kingine." Mama ni mimi. Kwetu baba humwita hivyo binti yake.

Basi nikaamua. Fundi akapata ndege ya aina ileile, nyeupe, kwa ndugu yake aliyemtumia disketi kutoka Ulaya. Nami nikaanza kuchora mchana, badala ya kula. Jamani, kile kipanya! Mimi nimeshika brashi tangu utotoni, lakini kuchora kwa kipanya ni sawa na kuandika barua kwa mche wa sabuni.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la ukoo. Kwetu rangi haijulikani kwa sura, inajulikana kwa kipimo. Nilimuuliza baba ile buluu ilikuwaje, akajibu bila kufikiri: "Kopo tatu za buluu, nusu kopo ya nyeusi, vijiko viwili vya kijani." Nikaenda nikaweka vipimo vilevile kwenye kompyuta, hesabu sawasawa, nikajivuna. Nikamleta, nikamkalisha mbele ya kioo. Akageuza kichwa huku na huku akiitafuta ndege kwa kitundu chake, akaipata.

"Hii ya nani?" akauliza.

"Yako, baba!"

"Apana. Hii ni ya watu wa sabuni ya unga."

Nikawaka. Nikamwambia nimekosa chakula mwezi mzima kwa ajili yake, na kipimo ni chake mwenyewe, kama amesahau asinisingizie mimi. Wateja wawili waliokuwa wanasubiri wakainua vichwa. Baba akaniacha nimalize yote, kisha akasema taratibu, "Mi sijasahau. Hiyo mashine yako ndiyo haijui rangi." Na alisema kweli, hilo ndilo lililoniuma. Fundi akanieleza kwamba kompyuta inachanganya mwanga, kwa hiyo kopo na vijiko vya baba havina maana kwake.

Tukaitafuta kwa njia ya baba. Uani kwetu akachanganya rangi ya kweli juu ya kifuniko cha kopo la maziwa ya unga, akipima kwa uzito wa kijiti na kunusa, uso ameuelekeza ukutani. Ilipokauka nikakipeleka kifuniko kazini, nikakishikilia juu ya kioo, nikawa nasogeza namba moja moja. Bado. Bado. Imezidi. Ilinichukua siku nne. Mwishowe fundi akasema, "Dada, sasa kifuniko sikioni." Buluu ya kifuniko na buluu ya kioo zilikuwa moja.

Baba akarudi. Safari hii alisogeza kichwa taratibu, huku fundi akiizungusha ndege polepole, mstari, madirisha, mkia.

"Inyamanza," baba akasema, kama anamwita. "Ona shingo. Nilikosea hapo, na we umekosea vilevile."

Ningeacheje? Nilikuwa msichana mdogo nimekaa chini ya bawa lile, nimemshikia kopo, nikamsikia akiitukana shingo ile.

Fundi akaipaisha ndege kutoka Bujumbura. Mle ndani mji haukuwapo, kulikuwa na uwanja na ziwa na milima tu, na milimani hapakuwa na mtu anayempiga mwenzake risasi. Baba akacheka mpaka akashika kifua. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akicheka vile ilikuwa lini. Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza chumvi:

"Na Bismillahi uliandika?"

Lazima nieleze. Baba hakuanza kazi bila kuandika Bismillahi kwa penseli, kwa herufi za Kiarabu, pale pale kwenye ubao au bati, kisha akapaka rangi juu yake. Isipokuwa vibao vya baa. Huko aliandika tu tarehe. Hakuna mteja aliyejua. Vibao vya nusu ya Bwiza vilikuwa na neno hilo chini ya rangi, na ile ndege ilikuwa nalo chini ya dirisha la rubani, ndani ya weupe. Kwa baba, kitu ambacho hakina neno hilo hakijaanza.

Kwenye kompyuta hakuna chini. Ukiweka rangi juu ya nyingine, ile ya kwanza imekwisha, haipo tena duniani. Ningemweleza hivyo. Lakini nilikuwa nimechoka, na kicheko chake kilikuwa bado kiko masikioni mwangu.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Niliandika."

"Alhamdulillahi." Njiani akawaambia watu watatu. Nyumbani akamwambia na jirani, kwamba ndege yake imerudi kamili, na chini imeandikwa. Nimeshagombana na baba mara elfu, lakini kumdanganya mtu anayepofuka, tena katika neno lile, ebo! Hata shetani angeona aibu.

Kesho yake nikamwambia fundi yote. Nilitegemea mahubiri. Yeye akakuna kichwa.

"Andika kwa nyeupe, dada. Lakini toa namba moja tu. Nyeupe ile, kasoro moja."

Kompyuta ina nyeupe kamili, na ina nyeupe iliyopungua kidogo sana, kiasi kwamba hakuna jicho la mwanadamu litakaloziachanisha. Ila yenyewe inajua. Nikaliandika neno kwa kile kipanya, kwa mwandiko wa madrasa, chini ya dirisha la rubani. Nilipomaliza hapakuonekana chochote. Weupe mtupu.

Juma hilohilo kitundu cha baba kilikuwa kimezidi kupungua. Alipofika kazini alipapasa mlango, akajigonga goti kwenye kiti. Nikamkalisha, na kabla sijaishiwa na moyo nikasema: "Baba, nilikudanganya. Siku ile sikuandika."

Akalisugua goti lake. Fotokopi ikakohoa. Afadhali angenitukana.

"Na leo?"

"Leo lipo. Lakini ni nyeupe juu ya nyeupe, halionekani."

"Nitajuaje?"

Hakusema kwa ukali. Aliuliza tu, na alikuwa na haki: neno langu lilikuwa limeshaharibika. Nikamtazama fundi. Fundi akanyoosha kidole kwenye kile kikopo kilichochorwa pembeni ya kioo, cha kumwagia rangi. Ukikimwaga juu ya nyeupe, kinajaza nyeupe ileile tu. Kikikuta iliyotofautiana hata kwa namba moja, kinasimama ukingoni. Nikakuza picha mpaka ubavu ukajaa kioo kizima, nikachagua nyekundu, nikabonyeza pale nilipoliandika neno, kipande kwa kipande.

Weupe ukatoa herufi. Kwanza *bismi*, kwa mkupuo mmoja, maana imeshikana. Kisha alifu peke yake. Kisha iliyobaki. Nyekundu juu ya ubavu wa ndege, kubwa, kwa mwandiko wangu mbaya. Baba akasogeza uso karibu na kioo mpaka pumzi yake ikakitia ukungu. Akaanza kugeuza kichwa, kidogo kidogo, kutoka kulia. Nilijua akisema "naona" kwa kunihurumia sitaweza kutambua, naye alikuwa na deni la huruma kwangu kama baba yeyote.

Alichukua muda. Akarudi tena kulia, akasimama hapo.

"Be haina nukta," akasema.

Nikaangalia. Kweli! Nukta inakaa peke yake chini ya herufi, nami sikuwa nimeimwagia rangi. Nikaibonyeza, ikawa nyekundu.

"Ee. Sasa ndiyo." Akaegemea kiti, akafumba macho. "Basi funika, mama."

Nikafunga bila kuhifadhi ile nyekundu, neno likarudi kwenye weupe wake. Ramadhani ilipofika, msahafu nilimsomea mimi. Lile ndilo neno la mwisho baba alilolisoma kwa macho yake mwenyewe.