Maharage ya Kwenda Nje

Maharage yaliyooshwa kisha yakafungiwa ndani ya gunia yana harufu yake. Siku za kwanza inakaribia kupendeza, kama kimpumu, pombe yetu ya ulezi, inapoanza kuchacha mtungini. Baadaye inakaa kooni na haitoki. Nilipokuwa darasa la tatu kule Mollo, harufu hiyo ilijaa kijiji kizima, ikaganda kwenye nguo zetu, ikatufuata mpaka kanisani, padri akahubiri huku amekunja uso. Wasomi wanaponieleza kwamba miaka ile ya Ujamaa uchumi uliharibiwa na vita, bei ya mafuta na mabeberu, huwa nawasikiliza kwa adabu. Kisha nawakumbuka watu wazima wa kijiji chetu wakiosha maharage mtoni, na adabu inaniisha.

Ilikuwa ile miaka ya mwisho mwisho, sabuni ikikatwa vipande vidogo kama peremende na sukari ikisikika kwenye hadithi tu. Tuliambiwa nchi haina fedha za kigeni. Katibu wa kijiji, bwana wa Kaunda suti iliyopauka mabegani, alikuwa na kipaji kimoja: kurudia aliyoambiwa wilayani huku akiyatia chumvi. Alituambia meli zinayasubiri maharage yetu, na kwamba zitarudi na sabuni, dawa na matrekta. Kisha akasikia huko huko wilayani kwamba wanunuzi wa nje wanataka maharage safi. Yetu yalikuwa ya kijivu, maana kwetu Ufipa tunayachanganya na majivu ya jikoni ili wadudu wasiyatoboe. Angeweza kusema tuyapepete. Hakujiuliza hata kidogo. Akaitisha mkutano, akatangaza kila kaya ioshe maharage yake.

Kinachonikera mpaka leo ni kwamba kila mtu alijua. Haragwe likilowa linaota, hilo halihitaji shule, na katibu mwenyewe alikuwa mtoto wa mkulima kama sisi. Nilikuwa nimekaa chini na watoto wenzangu, nikawaona wanaume wanakohoa, wanaangalia vidole vya miguu yao, halafu wanapiga makofi. Aliyepiga kwa nguvu zaidi alikuwa baba yangu.

Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi, na cheo hicho alikipenda kuliko chakula. Kazi yake kubwa ilikuwa kutangulia mbele ili wenzake wamwone anatangulia. Alitoa magunia yote ya kuuza, akayapanga mlangoni, kisha akaingia jikoni na kunyoosha mkono kwenye chungu kilichoning'inia juu ya moto. Humo mama aliweka mbegu, zimefunikwa majivu, zikisubiri mvua za Novemba. Chungu hicho hakikuguswa na mtu mwingine, hata tukilala njaa.

"Baba Deo, hiyo ni mbegu," mama alisema.

"Balozi hawezi kuwahimiza watu huku yeye ameficha maharage ndani."

"Novemba tutapanda nini?"

"Serikali italeta mbegu bora, mama Deo. Za kisasa."

Mama akanyanyuka. Alifungua kamba yeye mwenyewe, kwa sababu baba alikuwa anaivuta vibaya na chungu kingevunjika.

Tuliosha siku ya ukungu, mvua za mwisho zikiwa hazijakatika. Wanawake waliinama ndani ya maji ya baridi mpaka mto ukawa mweupe kwa majivu, katibu akiwa amesimama ukingoni amevaa koti, anatusifu. Tukayaanika kwenye mikeka chini ya jua lililochungulia na kuondoka, tukayafunga. Lori halikuja. Kwanza lilikosa tairi, halafu likakosa dizeli, halafu dereva alikuwa na msiba. Magunia yakaanza kuota ndevu nyeupe kwenye matundu yake, ikaja ile harufu. Katibu aliitisha mkutano mwingine, akasema kati yetu wamo wahujumu uchumi. Hakuna aliyecheka. Muda si mrefu akapandishwa cheo, akahamia wilayani, na baba yangu akaongoza nyimbo za kumuaga.

Novemba mvua zilinyesha, mbegu bora hazikuonekana. Mama alitembea mpaka kijiji cha Pito kwa dada yake kuomba mbegu. Kule nako walikuwa wametangaziwa kuosha. Walipiga makofi, wakarudi nyumbani, wakaendelea na shughuli zao bila kuosha. Mama aliona aibu kuomba, alituambia hivyo waziwazi, na baba akiwepo. Alirudi na fundo dogo la kanga. Siku ya kupanda, baba alichimba mashimo na mama akadondosha mbegu. Baba alipotaka kumsaidia kubeba, mama alihamishia fundo mkono mwingine. Mwaka ule tulikula ugali kwa majani ya maboga.

Siku hizi nakaa mjini, mtaa wa Chanji. Nawaona vijana wafanyabiashara wakipakia maharage kwenye malori ya kuvuka mpaka, wanaitana mshikaji, hawahutubii mtu. Siwapendi sana, wanapunja mizani. Lakini angalau wanaingiza mkono ndani ya gunia na kuyatazama maharage kabla ya kusema lolote.

Krismasi iliyopita tulikusanyika Mollo. Kaka yangu Deo, ambaye mwaka ule alikuwa shule ya bweni na hakuinusa ile harufu, sasa ni afisa, ametoka kwenye semina ya mauzo ya nje. Alimweleza mama kwa upole na kwa kirefu kwamba soko limefunguka, kwamba mkulima wa kisasa hahifadhi, anauza yote, na hata yale ya kwenye chungu yangepata bei nzuri yakisafishwa. Mama amezeeka, anasikia kwa shida, lakini hilo alilisikia. Aliinua macho kwenye chungu, kile kile, juu ya moto ule ule.

"Osha ya kwako kwanza, mwanangu," alisema.

Deo alicheka. Baba, pale kwenye kiti chake, aliinamia sahani yake ya maharage na hakuinua kichwa mpaka tulipomaliza kula.